Jinsi Utando wa Seli Unavyojikinga na Kimeng'enya

Katika sumu ya swila, na vilevile katika machozi na damu ya binadamu, hupatikana vimeng'enya vya jamii iitwayo fosfolipasi A2. Kazi yao ni kuikata molekuli ya fosfolipidi mahali maalumu, ikatoka asidi moja ya mafuta. Kwa kuwa utando wa kila seli umejengwa kwa fosfolipidi, mtu angetazamia kwamba seli yoyote ikigusana na kimeng'enya hicho itaangamia. Hali si hivyo. Mtu ashikwapo na maambukizo makali, kimeng'enya hicho huongezeka sana katika damu, na hata hivyo chembe nyeupe zilizo nzima, ambazo ndizo askari wa mwili, hukaa ndani yake bila kudhurika. Zilizo katika kufa huvunjwa. Je, kimeng'enya huzitofautishaje?

Jibu limo hasa katika mpangilio wa utando wenyewe. Fosfolipidi ina kichwa kipendacho maji na mikia miwili ya mafuta iyaepukayo maji. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, watafiti wa Uholanzi, walipima mafuta yaliyotolewa katika chembe nyekundu za damu, wakafikia uamuzi kwamba molekuli hizo zimejipanga katika matabaka mawili. Lakini matabaka hayo hayafanani. Katika seli nzima, fosfatidilserini, ambayo ina chaji hasi, huwekwa karibu yote katika tabaka la ndani. Protini maalumu huirudisha huko kila itorokapo, tena kwa kutumia nishati. Tabaka la nje hubaki bila chaji kubwa, na molekuli zake, pamoja na kolesteroli, hubanana kama makuti ya paa lililoezekwa vema.

Kimeng'enya nacho kina mahitaji mawili. Kwanza sharti kinate juu ya utando, na aina nyingi hunata vizuri penye chaji hasi. (Ndiyo sababu kile cha machozi ni silaha njema dhidi ya baadhi ya bakteria, ambao nje yao pana chaji hiyo.) Pili, molekuli ya fosfolipidi sharti iinuke kidogo kutoka miongoni mwa jirani zake na kuingia katika mfuo ulio ndani ya kimeng'enya, ambamo ukataji hufanyika. Kuti lililobanwa halichomoki kwa urahisi.

Mambo haya yamechunguzwa katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, kwa seli za saratani ya limfosaiti za panya ziitwazo S49. Seli nzima zilipotiwa kimeng'enya cha sumu ya nyoka, ni sehemu ndogo tu ya fosfolipidi iliyokatwa, kisha kazi ikakoma. Zilipotiwa kwanza dawa ipitishayo kalsiamu katika utando, mambo yaligeuka. Kalsiamu iliyo nje ya seli huzidi ile ya ndani mara 10,000 hivi. Njia ikifunguka, humiminika ndani. Humo huiamsha protini nyingine, ambayo huyachanganya yale matabaka mawili. Fosfatidilserini hutokeza nje, na molekuli zilizobanana hulegea. Basi kimeng'enya hupata pa kunata na cha kukata. Mabadiliko hayo mawili yalipolinganishwa, kulegea ndiko kulikoonekana kuwa na uzito zaidi.

Deksamethasoni, dawa itumikayo kutibu baadhi ya saratani za damu, huziua seli hizo polepole kwa saa nyingi, na utando wake huja kushambuliwa vivyo hivyo.

Asidi ya mafuta iliyokatwa nayo haikai bure. Ikiwa ni asidi ya arakidoni, seli zaweza kuigeuza kuwa prostaglandini, ambazo huzidisha uvimbe, homa na maumivu. Kwa hiyo kimeng'enya kisaidiacho kuondoa seli zinazokufa huweza pia kuchochea maradhi. Katika majimaji ya viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi, hupatikana kwa wingi.