Kutu ya Thika si kutu ya Lamu

Mpwa wangu anayeishi Ruiru amenunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Jumapili huzunguka mashamba hadi Thika, kwa ruhusa ya wenyewe. Juzi alinitumia picha: msumari mnene wa reli na senti ya shaba yenye tundu, ya enzi za Mwingereza. Si ajabu, reli ilifika Thika 1913.

Akaniuliza, "Ami, nivitie asidi ya betri?" Hebu ngoja mwanangu! Asidi hula kutu ikala na chuma chenyewe. Msumari auloweke kwenye maji ya magadi siku kadhaa, ausugue kwa brashi, aukaushe vyema kisha aupake nta. Senti aisuuze kwa maji tu. Ule weusi wake ni kinga.

Huku kwetu kazi ni nzito zaidi. Chuma cha baharini kimenyonya chumvi, ukikianika juani hupasuka na kumeguka. Ndipo mabaki ya Santo António de Tanná, manuari ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus 1697, yalipoanza kuopolewa 1977 yakahitaji maabara.

Kisha kuna sheria ya 2006. Kitu cha kabla ya 1895 kilichomo ardhini ni mali ya serikali, na Makumbusho ya Taifa yajulishwe ndani ya siku 7. Hilo hakulipenda. Ana kichwa cha mkuki alichokitoa karibu na Mto Chania, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshamfuata mara mbili. Nimemsihi asikisugue wala asikiuze. Jumatatu, inshallah, atakipeleka Nairobi.