Majina Yasiyoandikwa Juu ya Makasha

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza maisha yake kwa kupewa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilifungua milango yake katika jengo la TANU, mtaa ambao leo waitwa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Twalitaja jambo hili kwa sababu mengi yaliyomo chuoni humo katika fani ya historia nayo yalipatikana kwa kupewa, na si kila mtoaji aliyepata kukumbukwa.

Katika maktaba ya Chuo imo sehemu iitwayo East Africana, na humo yamehifadhiwa makaratasi ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni na aliyefariki mwaka 1962. Bwana huyu aliandika juu ya sheria, unyago, uganga na utawala wa jadi. Kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Hapana budi kusema wazi kwamba kazi yake ililipiwa na watawala waliotaka kuwajua watu ili wapate kuwatawala kwa urahisi. Hata hivyo, anayetaka kujua mirathi au mahari ilivyoamuliwa zamani hana sababu ya kuyapuuza makaratasi hayo. Ayasome, lakini akiwa macho. Lakini wale wazee waliokaa kitako wakamweleza hayo yote, ni nani awatajaye? Kasha ni la Cory.

Kadhalika imo miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen, pamoja na kanda za sauti. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Miswada ya namna hii aghalabu ilikaa majumbani katika masanduku, baina ya misahafu na hati za mashamba, ikinakiliwa kwa mkono kila wino ulipofifia au mchwa walipoifikia. Mwenye kunakili alikuwa mlinzi kama alivyo mtunga utenzi, na mara nyingi aliyeuhifadhi waraka alikuwa bibi wa nyumba aliyeurithi kwa babaye. Mombasa tunao mfano ulio bora: mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalitufikia kwa jitihada ya Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kumpa Mzungu W. E. Taylor. Leo makaratasi ya Taylor yamo katika chuo kikuu cha London, na jina la Sikujua hulijua mtaalamu tu.

Lakini kipawa kilicho kikubwa kuliko vyote hakikuletwa kwa kasha. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam walirudi makwao wakati wa likizo na kuwaendea wazee, wakawauliza habari za Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwezi Julai 1905, vikaendelea mpaka mwaka 1907. Hapo awali aliyetaka kuvisoma ilimbidi aanze na taarifa za maofisa wa Kijerumani, yaani maneno ya aliyeshika bunduki. Wanafunzi waliporejea walikuja na maneno ya upande wa pili: namna dawa ya maji ilivyotoka kwa Kinjikitile kule Ngarambe, jinsi ujumbe ulivyopita kijiji hata kijiji, kero ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na njaa iliyofuata chakula kilipochomwa.

Msomaji na apige hesabu. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 alipoulizwa. Kama wanafunzi wale wangalichelewa miaka ishirini, wangalikuta makaburi. Walichokitoa wazee wale hakiwezi kutolewa tena na mtu yeyote.

Na hapa ndipo penye uchungu wetu. Wazee walisema kwa lugha zao na kwa Kiswahili; taarifa zilizotungwa kutokana na maneno yao zikaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mitihani. Mjukuu wa Mmatumbi aliyesimulia habari za babaye hawezi kuzisoma mpaka apate elimu ya sekondari, na pengine hata hapo asiambulie mengi. Sisi hatuoni kwamba zawadi imepokelewa sawasawa ikiwa jamaa za mtoaji hawawezi kuitazama.

Nafasi haikosekani. Mwaka 2018 ilifunguliwa Mlimani maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, na ni kubwa kweli kweli. Yatengwe maonyesho humo, maelezo yake yawe kwa Kiswahili fasihi na kilicho wazi, na juu ya kila habari liandikwe jina la mzee aliyeisema, kijiji chake, na jina la mwanafunzi aliyeiandika. Penye kasha la Cory wawekwe wasimulizi wake, wale wanaotajwa katika makaratasi. Penye utenzi, atajwe mnakili.

Kisha nakala zisikae Mlimani tu. Songea kuna makumbusho ya Maji Maji, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika huko kuwakumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Nakala za maneno ya wazee zingepelekwa huko siku hiyo, na nyingine Kilwa, Liwale na Mahenge, zikasomwa kwa sauti mbele ya watu wenyewe. Huenda katika umati akasimama mtu akasema, "Huyo uliyemtaja ni babu yangu," akaongeza neno ambalo mwanafunzi wa mwaka 1968 hakulipata.