Wilmots: Kiungo shupavu aliyeonja tamu na chungu ya ukufunzi

WAPENZI wa kabumbu nchini Kenya hawajaisahau jioni ya Juni 22, 2014. Katika uwanja wa Maracana jijini Rio de Janeiro, zikiwa zimesalia dakika mbili tu mechi ya Ubelgiji na Urusi itamatike, chipukizi Divock Origi aliipokea pasi ya Eden Hazard na kuzitikisa nyavu. Bao hilo la pekee liliivusha Ubelgiji hadi raundi ya 16-bora ya Kombe la Dunia.

Origi, mwanawe aliyekuwa mshambuliaji wa Harambee Stars Mike Okoth, alikuwa na umri wa miaka 19. Alipotajwa kikosini baada ya Christian Benteke kuumia, hakuwa ameichezea timu ya watu wazima ya Ubelgiji hata mechi moja. Mkufunzi aliyethubutu kumwamini, na kumwingiza uwanjani siku hiyo mahali pa Romelu Lukaku, ni Marc Wilmots.

Wilmots ni nani, na mbona nyota yake, iliyong'aa kiasi hicho, ikafifia upesi?

Alizaliwa Februari 22, 1969, katika kijiji cha Dongelberg. Alianza soka ya kulipwa katika klabu ya Sint-Truiden, akatwaa ligi ya Ubelgiji na Mechelen mnamo 1989, kisha akashinda kombe la nchi hiyo akivalia jezi ya Standard Liege mnamo 1993.

Hata hivyo, ni Schalke 04 ya Ujerumani iliyomjengea jina. Katika fainali ya Kombe la UEFA mnamo 1997, kiungo huyo alifunga bao la pekee katika mkondo wa kwanza dhidi ya Inter Milan. Inter walijibu kwa ushindi wa 1-0 katika mkondo wa marudiano nchini Italia, na mshindi akaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Wilmots ndiye aliyepachika mkwaju wa mwisho uliowapa Schalke taji. Mashabiki wakamwita 'nguruwe wa vita', lakabu ambayo kwao ilikuwa sifa kwa mchezaji asiyejua kuchoka.

Kwa timu ya taifa, alisakata mechi 70 na kufunga mabao 28. Matano kati ya hayo yalitoka katika Kombe la Dunia, rekodi ya Ubelgiji ambayo Lukaku aliifikia mnamo 2018.

Katika fainali za 2002, nahodha huyo alifunga dhidi ya Japan, Tunisia na Urusi. Kisha Ubelgiji wakakutana na Brazil jijini Kobe. Matokeo yakiwa 0-0, Wilmots aliruka juu na kufunga kwa kichwa, lakini refa Peter Prendergast wa Jamaica akalikataa bao hilo kwa madai kwamba alikuwa amemchezea beki visivyo. Brazil walishinda 2-0 na hatimaye wakatawazwa mabingwa. Huo ndio uliokuwa mchuano wa mwisho wa Wilmots katika soka ya kimataifa.

Alipostaafu alijaribu siasa na kuwa seneta kati ya 2003 na 2005. Wakati huohuo alishika hatamu za Sint-Truiden mnamo 2004, akapigwa kalamu Februari 2005. Mnamo 2009 aliteuliwa kuwa naibu wa kocha wa timu ya taifa, na mwaka wa 2012 akapandishwa ngazi.

Alirithi kizazi cha dhahabu: Hazard, Kevin De Bruyne, Vincent Kompany na Thibaut Courtois. Ubelgiji walifuzu kwa Kombe la Dunia la 2014 bila kupoteza mechi, baada ya kukosa fainali za 2006 na 2010. Nchini Brazil walitinga robo-fainali kwa mara ya kwanza tangu 1986, wakazimwa na Argentina 1-0. Novemba 2015, walikwea hadi nambari moja katika orodha ya FIFA kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika robo-fainali ya Euro 2016 mjini Lille, Ubelgiji walitangulia kufunga kupitia Radja Nainggolan, kisha wakalazwa 3-1 na Wales. Courtois alilalamikia mbinu za timu hadharani. Majuma mawili baadaye, Wilmots alitimuliwa.

Tangu hapo hajapata utulivu. Cote d'Ivoire walikosa Kombe la Dunia la 2018 baada ya kuchapwa 2-0 nyumbani na Morocco, naye akaondoka. Huko Iran alidumu kwa miezi michache tu mnamo 2019, na Raja Casablanca wakamfuta mapema mwaka wa 2022. Alirejea Schalke Januari 2024 akiwa mkurugenzi wa michezo, akaachishwa kazi Septemba mwaka huohuo.

Wapo wanaosema kwamba alipoteza kizazi adimu. Hoja yao ina uzito, kwani ari iliyomfaa Wilmots akiwa nahodha haitoshi pale mpinzani anapobadilisha mbinu na benchi halina jibu. Mcheza ngoma hodari si lazima awe mwambaji hodari.

Hata hivyo, haki itendeke. Mrithi wake, Roberto Martinez, aliambulia nafasi ya tatu mnamo 2018, kisha akabanduliwa katika hatua ya makundi mnamo 2022. Kizazi hicho hakikutwaa taji lolote chini ya yeyote kati yao.

Kwetu sisi, Wilmots atakumbukwa kwa uamuzi mmoja. Yeye aliyenyimwa bao na kipenga cha refa jijini Kobe ndiye aliyempa kijana mwenye asili ya Kenya nafasi ya kufunga lake, miaka 12 baadaye, dunia nzima ikitazama.