Kusikiliza sauti za nyumbani kwa amri ya maandishi

Na Mwandishi Wetu, London

“Walitupiga” na “walitupinga” ni maneno yanayotofautiana kwa herufi moja tu. Kwa mwandishi aliyeko ugenini, asiyeweza kupanda basi kesho asubuhi akamwulize msemaji upya, herufi hiyo ndiyo inayotenganisha habari ya mabishano kikaoni na habari ya watu waliopigwa.

Niliwahi kutumiwa sauti ya mzee mmoja mvuvi, dakika 22, iliyorekodiwa kwa simu pwani. Upepo unavuma, mashine ya boti inanguruma, watoto wanacheza pembeni. Ilipofika kwangu ilikuwa imeshazunguka katika makundi ya WhatsApp ikiwa na kichwa cha maneno kwamba wavuvi wamepigwa. Jamaa watatu waliniuliza kwa nini nimekaa kimya.

WhatsApp yenyewe hukuwezesha kuongeza kasi ya sauti, mara moja na nusu au mara mbili. Mimi nilitaka kinyume chake. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, nikaandika mstari mmoja:

mpv --start=14:10 --speed=0.7 mzee.opus

Sauti ikaanza pale pale, dakika ya 14 na sekunde 10, kwa asilimia 70 ya kasi yake ya kawaida, bila kuwa nzito kama kaseti inayochezwa kwa betri zilizokwisha. Sentensi ilipoanza nikabonyeza kitufe cha l, ilipokwisha nikabonyeza tena, ikawa inajirudia yenyewe. Mara ya sita au ya saba lile neno likasikika: walitupinga. Mzee alikuwa anawazungumzia wavuvi wenzake waliokataa pendekezo lake juu ya mahali pa kutega nyavu. Nilimpigia simu mtu wa nyumbani kwake kuhakikisha, naye akacheka sana. Habari ya vipigo haikuwepo.

Ndugu msomaji, najua wengi wakiona dirisha jeusi lisilo na vitufe vya kubofya hudhani ni kazi ya mafundi. Sivyo. Ni kama kumtuma mtoto dukani: unamwambia aende wapi na alete nini, kwa mpangilio anaouelewa. Jina la programu, masharti yako, kisha jina la faili. Ikiwa ni sauti tupu hakuna hata picha inayofunguka. Unabaki katika dirisha lile lile na kuiongoza kwa kibodi.

Programu hii, mpv, ina ukoo. Babu yake ni MPlayer, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Árpád Gereöffy, kijana wa Hungary ambaye hakuridhika na programu za kuchezea video zilizokuwepo kwenye Linux. Wengi tuliokuwa na kompyuta za mitumba miaka ile tunaikumbuka kwa sifa moja kubwa: ilicheza faili ambazo programu nyingine zilizikataa. Video ya AVI iliyokatika njiani kwa sababu mtandao wa intaneti umezimika, ukiongeza neno -idx MPlayer iliijengea faharasa upya na kukuonyesha kilichokuwemo. Mwaka 2012 mpv ikachipuka kutoka katika ukoo huo. Kazi nzito ya kufumbua miundo ya sauti na picha huifanya kwa kutumia FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambao VLC nayo huutegemea. Zote ni programu huria, hazina malipo. mpv inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na haidai kompyuta mpya kusikiliza sauti.

Vitufe vya kujua ni vichache. Nafasi husimamisha na kuendeleza. Mishale ya kushoto na kulia hurudisha au kupeleka mbele sekunde 5, na ukishika Shift ni sekunde 1. Mabano ya mraba, [ na ], hupunguza na kuongeza kasi kidogo kidogo. Kitufe cha kufutia herufi hurudisha kasi ya kawaida. Kwa anayenukuu mahojiano ya saa nzima hivyo vinatosha; mkono hautoki kwenye kibodi kutafuta kipanya, na baada ya siku mbili vidole vinajua njia vyenyewe.

Sauti nyingi za kutoka nyumbani zina mvumo wa chini, wa friji, feni au waya mbovu. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, na mvumo wake hukaa chini kabisa, mbali na sehemu kubwa ya sauti ya mtu anayezungumza. Kwa hiyo unaweza kuichuja sehemu hiyo:

mpv --af=highpass=f=200 mkutano.mp3

Hapo unaiambia ipunguze kilicho chini ya hezi 200. Mvumo hauishi wote, na sauti ya msemaji huwa nyembamba kidogo, lakini maneno hutoka mbele. Faili lenyewe haliguswi. Ukilicheza bila amri hiyo liko kama lilivyokuja. Hilo ni jambo kubwa kwa ushahidi.

Kwa video, vitufe ninavyovipenda ni nukta na mkato. Nukta hupeleka picha mbele fremu moja, mkato hurudisha fremu moja. Video nyingi za simu zina fremu zipatazo 30 kwa sekunde, kwa hiyo kipande cha sekunde mbili unaweza kukipitia hatua kama 60. Ndipo unapoona mkono uliokuwa juu ukawa chini ghafla, saa ya ukutani ikaruka, au kivuli kikahama bila jua kuhama. Bonyeza s na picha hiyo inahifadhiwa. Lakini mruko si lazima uwe uongo. Simu dhaifu huruka fremu, nayo WhatsApp kwa kawaida huibana video inapotumwa. Ninachopata hapo ni swali la kumwuliza aliyenitumia: kati ya hapa na hapa, kulikuwa na nini?

Kuna huduma nyingi mtandaoni siku hizi zinazojitolea kukusikilizia na kukuandikia mahojiano. Nyingine ni nzuri. Ila ili zikusaidie lazima uipeleke sauti kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na sauti ya mtu ni kama sura yake, hutambulika. Sisi tulioondoka tuna usalama wetu. Anayezungumza nasi bado analala kule kule. Kwa mahojiano ya namna hiyo mimi huchomoa kabisa waya wa intaneti na mpv huendelea kufanya kazi, maana faili na programu vyote viko mezani kwangu.

Hata hivyo kompyuta yako nayo ina kumbukumbu. Kwenye Linux amri ulizoandika kwa kawaida huhifadhiwa, pamoja na jina la faili, kwa hiyo faili lisiitwe kwa jina la msemaji, lipe namba. Tena kuna vitufe viwili vya kufungia mpv. Q kubwa hufunga na kuweka kumbukumbu ya mahali ulipoishia, ili kesho uendelee hapo hapo. q ndogo hufunga tu. Kwa hotuba ya waziri tumia yoyote. Kwa sauti ya mtu anayeweza kugongewa mlango usiku, tumia ndogo.