Kosa ni la Kundi, Si la Kifaranga

Mtoto hujifunza mapema kumcheka asiyefanana naye. Je, kitabu cha picha chaweza kumponya tabia hiyo? Twaamini chaweza, lakini si kila kitabu.

Ndugu msomaji, mtazame kwanza kifaranga mwenye sura mbaya. Hadithi yake ilitolewa mwaka 1843 na Hans Christian Andersen, mwana wa mshona viatu wa Denmark, na tangu hapo imechorwa mara nyingi mno kwa ajili ya watoto. Kifaranga yule alidonolewa na bata na kuku hata akakimbia. Mwisho akajitazama majini, akajiona kuwa ni batamaji, ndege mweupe wa shingo ndefu, na batamaji wakampokea. Hadithi hii hutuliza moyo. Lakini waliomdonoa walijifunza nini? Hawakujifunza lolote. Na je, yule asiyegeuka kuwa mzuri akimbilie wapi?

Mwaka 1968 David McKee wa Uingereza alitoa kitabu cha Elmer, tembo mwenye viraka vya rangi nyingi katikati ya tembo wa kijivu. McKee alipata kusimulia ya kwamba nyuma ya kitabu hicho lilikuwako neno la dharau ambalo mtoto mmoja alimtupia binti yake kwa sababu ya rangi, huko Devon. Elmer, akidhani kwamba huchekwa kwa umbo lake, alijigaragaza katika matunda ya kijivu hata akafanana na wenzake. Kundi zima likakosa furaha. Mvua iliponyesha, viraka vikatokea tena, na tembo wote wakaamua kuwa siku moja kila mwaka watajipaka rangi, naye Elmer avae kijivu. Mcheza kwao hutuzwa.

Hapa waliotoka mahali pao ni walio wengi, nao walimfuata mmoja. Hilo ndilo funzo. Katika kila darasa yupo anayechechemea, au mwenye ngozi isiyo kama ya wengine. Yeye hahitaji kuambiwa kuwa ni tofauti, maana huambiwa kila siku. Wanaohitaji kitabu ni wale arobaini wanaomzunguka.

Basi mzazi, utokapo kazini jioni ukamfungulia mwanao kitabu cha namna hii, usimwulize kama angependa kuwa Elmer. Mwulize: wewe ni tembo yupi katika kundi?