Kuchagua Mtaa wa Kukaa

Baba yangu ni askari. Alipohamishiwa Dodoma hatukupata nyumba kambini, ikatubidi kupanga uraiani. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, lakini watumishi wengi walikuja baada ya mwaka 2016. Hivyo watafutao nyumba ni wengi. Nilikuwa likizoni, nikafuatana na wazazi. Napenda kuwaeleza niliyojifunza.

Kwanza tulitazama mtaa mpya wenye viwanja vilivyopimwa. Baba aliupenda. Kisha tukaenda Chang'ombe, ambako nyumba nyingi zilijengwa kabla ya kupimwa, na vichochoro ni vyembamba. Mama akamwuliza, "Baba watoto, ukiitwa kazini usiku, na huyu mdogo akabanwa na pumu, nitamgongea nani?" Baba akanyamaza.

Basi tazameni mambo manne. La kwanza ni maji: waulizeni majirani, si mwenye nyumba, yatoka siku zipi. La pili ni ardhi: mvua za Dodoma, kati ya Desemba na Aprili, hunyesha kwa kishindo, tafuteni alama ya maji ukutani. La tatu ni njia: je, gari litafika mlangoni? La nne ni majirani.

Tulichagua Chang'ombe, nyumba iliyo kando ya barabara. Wiki ya tatu baba alikuwa safarini, na mdogo wangu akabanwa usiku. Mama aligonga ukuta mara moja tu. Jirani akaja na gari. Wahenga walisema kweli: jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.