Kompyuta Isiyojua Kwamba Imo Ndani ya Nyingine

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kompyuta kubwa ya kampuni ya IBM mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Miaka hiyo ya 1960 kompyuta moja ilikuwa ghali mno, wala haikuwezekana kila mtaalamu awe na yake. Basi Robert Creasy na wenzake wakabuni hila. Mwaka 1964 walianza kutengeneza programu waliyoiita CP-40, na ilipokamilika iliweza kuigawa mashine moja iwe kama kompyuta 14, kila moja ikijiona iko peke yake.

Hila hiyo, wajukuu zangu, leo mnaweza kuifanya wenyewe. Chukueni kompyuta yenye Windows, muiwekee VirtualBox, programu inayopatikana bure. Itawauliza: hii kompyuta pepe mnayoiunda iwe na kumbukumbu kiasi gani? Semeni gigabaiti 4. Na diski? Gigabaiti 25 zinatosha. Kisha ipeni faili ya kusakinisha Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya jamii ya Linux, mbofye kitufe cha kuwasha.

Dirisha jeusi linafunguka. Maandishi meupe yanapita mbio. Ubuntu inaamka, inajikagua, inakuta diski ya gigabaiti 25 na kuiamini. Kumbe diski yote hiyo ni faili tu, imelala ndani ya folda ya Windows kama zilivyolala picha na nyimbo zenu!

Inakuwaje isigundue? Kazi nyingi za mgeni huyu, yaani Ubuntu, zinafanywa na prosesa moja kwa moja, ndiyo maana hakawii sana. Lakini akitaka kugusa kifaa chenyewe, kama vile diski, anasimamishwa papo hapo. VirtualBox inalipokea ombi, inaandika kwenye ile faili, inamjibu kwamba tayari, naye anaendelea na kazi bila kujua kitu. Kumbukumbu, hata hivyo, haiongezeki kwa hila: anachopewa mgeni kinatolewa kwa mwenyeji, yaani Windows. Kama kompyuta yenu ina gigabaiti 4 tu, mkimpa zote, wote wawili watakwama.

Ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Kabla ya kujaribu jambo la hatari, mnaweza kuhifadhi hali ya kompyuta pepe jinsi ilivyo. Baada ya hapo futeni hata faili zinazoiendesha Ubuntu, ishindwe kuwaka kabisa. Rudisheni ile hali mliyoihifadhi, na Ubuntu inasimama nzima. Kujifunza kompyuta kunahitaji uhuru wa kuharibu, na watoto wengi wananyimwa uhuru huo kwa kuwa kompyuta ya nyumbani ni moja, nayo ni ya kazi.

Ila kama mmeiunganisha kompyuta pepe na folda ya Windows, folda hiyo haimo katika kinga hii: mkifuta kitu humo, kimefutika kweli. Itenganisheni kwanza, kisha haribuni mpendavyo.